Piramidi, simulizi, mahojiano au nafsi ya kwanza: stori yako ya jarida uipe umbo gani?

Ukimsikia mtu anasema "stori ninayo ila sijui nianzeje", mara nyingi shida yake haiko kwenye sentensi ya kwanza, iko nyuma zaidi, hajaamua stori iwe na umbo gani. Anaandika aya mbili kama taarifa ya habari, ya tatu inageuka hadithi, ya nne ni nukuu inayokula nusu ukurasa, halafu anashangaa mbona haisomeki na kila aya ukiitazama peke yake iko sawa.

Hapa nalinganisha maumbo manne ambayo yanatumika sana kwenye majarida ya kuchapwa na vile vijarida vya barua pepe: piramidi iliyopinduliwa, simulizi, mahojiano ya swali na jibu, na ile stori ambayo mhusika anaongea mwenyewe kwa "mimi" lakini wewe ndo umeiandika. Yapo mengine, kuna orodha, kuna stori ya picha, kuna barua ya mhariri, ila haya manne ndo watu wanayumbayumba kati yake manake kwa kutazama haraka haraka malighafi ileile inaweza kwenda kokote.

Ili tusiongee hewani tuchukue mfano mmoja wa kubuni tuende nao mpaka mwisho. Kuna taasisi, mtunza stoo wake anastaafu baada ya miaka 31, na wewe umepewa stori yake kwenye kijarida cha wafanyakazi. Ulichonacho ni barua ya uongozi yenye tarehe na majina, rekodi ya nusu saa ukiongea naye, maneno mawili matatu ya wenzake, na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako: daftari jeusi ambalo bado anaandika kila mzigo unaoingia na kutoka ingawa kompyuta ipo mezani inawaka.

Vigezo kwanza

Malighafi. Umbo linadai uwe na nini kabla hujaanza kuandika. Nimekiweka mbele kwa makusudi kwasababu mi naona hiki ndo kinaamua zaidi ya vyote, watu wanachagua umbo kwa kulipenda tu, kumbe daftari lao halina cha kulilisha.

Muda. Sio wa kuandika peke yake, piga hesabu ya kukusanya, kunakili rekodi, kuhakiki, na kumpata mhusika kwenye simu mara ya pili na ya tatu.

Mkasi. Mhariri akikwambia punguza maneno 150 sasa hivi, stori inakatika vipi? Jarida lililobanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa hiyo tangazo likiingia dakika za mwisho huwezi kuongezewa ukurasa mmoja wa peke yake, kuna stori ya mtu itanyofolewa. Barua pepe nayo ina kikomo chake, ujumbe ukizidi kama kilobaiti 102 Gmail inaukata na kuweka linki ya kusoma mzigo wote, na hapo umeshampa msomaji sababu ya kuondoka.

Msomaji. Anashikwa wapi, na anatorokea wapi.

Hatari. Ukikosea, unakosea kwa namna gani, na nani anaumia.

Na mwisho inamfaa nani, mwandishi gani na chombo gani.

Piramidi iliyopinduliwa

Hii kila mtu anaijua hata kama hajui jina lake. Jambo kubwa juu kabisa, linalofuata kwa uzito linafuata, madogo yote chini. Mtunza stoo wetu angeingia hivi:

"Mtunza stoo aliyehudumu kwa miaka 31 anastaafu mwisho wa mwezi huu na nafasi yake itachukuliwa na msaidizi wake. Wafanyakazi watamuaga Ijumaa saa nane mchana ukumbini."

Malighafi: haidai makubwa. Nani, nini, lini, wapi, kwanini, vipi, ukiwa na majibu ya hayo sita umemaliza. Barua ya uongozi peke yake inatosha karibu kila kitu, na nukuu moja ukiipata sio mbaya.

Muda: ndo ya haraka kuliko zote. Mtu aliyezoea anaimaliza kwa kikao kimoja, na muda mwingi unaenda kwenye kuhakiki majina na vyeo, sio kuandika.

Mkasi: hapa haina mpinzani. Ilikomaa kwenye magazeti ya Marekani kuelekea mwisho wa karne ya 19, enzi habari zinapita kwenye waya za telegrafu na kila neno linalipiwa, na ikaendelea kupendwa na wahariri kwasababu unakata kutoka chini kwenda juu bila kuisoma tena yote. Ukitoa aya mbili za mwisho stori bado imesimama.

Msomaji: anashikwa na jambo lenyewe, kama linamhusu. Kama halimhusu hakuna cha kumshika, na hata likimhusu akishajua Ijumaa saa nane ukumbini hana sababu ya kuendelea kusoma, ameshapata chake. Watu wanaliona hilo kama kosa la umbo hili wakati ndo kazi yake, kumwachia mtu aende zake akiwa amejua la muhimu. Na ni umbo linalokubaliana vizuri na skrini. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alipima macho ya watu 232 wakisoma kurasa za wavuti, akakuta wengi macho yao yanachora kama herufi F, wanasoma mistari ya juu kwa upana, wanashuka wanasoma kipande kifupi zaidi, halafu wanateremka upande wa kushoto wakichungulia. Cha muhimu kikiwa juu na mwanzoni mwa mistari, unakutana nao wanapopita.

Hatari: ndogo kwenye ukweli, kubwa kwenye kuchosha. Kijarida chenye stori sita na zote sita ni piramidi kinasomeka kama ubao wa matangazo. Alafu kuna ile tabia ya kuibandika nukuu ya bosi aya ya pili, "tunamshukuru kwa mchango wake mkubwa", ambayo mtu yeyote angeweza kuisema kumhusu mtu yeyote. Hiyo itoe tu.

Inamfaa nani: mwandishi anayeanza, mwandishi mwenye haraka, kijarida kinachotoka kila wiki, na jambo lolote ambalo msomaji anatakiwa alifanyie kitu, ahudhurie, ajiandikishe, alipe, abadilishe. Kwa mtunza stoo wetu inatosha kama lengo ni watu waje Ijumaa.

Simulizi

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo umbo ambalo kila mtu analitaka na ndo linaloangusha wengi.

Simulizi inamweka msomaji mahali, inampa mtu wa kumfuata, na inamfanya ajiulize swali ambalo hujamjibu bado. Mtunza stoo angeingia hivi:

"Kompyuta ilipoletwa stoo aliitazama, akaiwasha, akaingiza mzigo wa siku ile. Halafu akafungua daftari jeusi akauandika tena uleule, kwa kalamu."

Bado hujaambiwa anaitwa nani wala kwamba anastaafu, lakini unataka kujua kwanini anaandika mara mbili. Hilo swali dogo ndo linaivuta stori. Na angalia hakuna neno hata moja la sifa, hajaitwa mchapakazi wala mwaminifu, msomaji atayapata mwenyewe kwenye daftari.

Malighafi: inadai sana, na ndo mahali watu wanajidanganya. Inataka vitu ulivyoviona au ulivyosimuliwa kwa undani, nani alikuwa wapi, alishika nini, alisema nini kwa maneno yake, saa ngapi, kilichofuata ni nini. Inataka pia mabadiliko, kitu mwanzoni kiwe hivi na mwishoni kiwe vile. Kipimo ninachokipenda ni kwenda kwenye notsi zako utafute matukio, namaanisha tukio halisi lenye mahali na muda na mtu anafanya kitu. Ukipata matatu una simulizi. Ukipata moja una mwanzo mzuri wa kitu kingine. Ukikuta maoni tu ("alikuwa mtu wa watu", "tutamkumbuka") huna simulizi hata uandike vizuri namna gani, rudi ukaulize tena au badilisha umbo.

Mfano mkubwa wa jinsi matukio yanavyobeba jambo zito ni mwandishi wa Marekani John Hersey, ambaye stori yake kuhusu Hiroshima, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki, ilichukua toleo zima la jarida la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946. Hakuanza na bomu lilivyoundwa wala hesabu ya waliokufa. Aliwafuata watu sita walionusurika, akaanza na kile ambacho kila mmoja alikuwa anakifanya asubuhi ile dakika ile ile, mambo ya kawaida kabisa, huyu kakaa ofisini, yule anatazama dirishani. Sisi wa vijarida hatuandiki mambo ya uzito huo wala hatupewi toleo zima, lakini mbinu ni ileile, jambo kubwa linaingia kichwani kupitia mtu mmoja anayefanya kitu kidogo.

Muda: mwingi. Mazungumzo ya kwanza hayatoshi karibu siku zote, unarudi kuuliza "ile siku mvua ilikuwa inanyesha au jua?", na mhusika anakushangaa lakini ndo hivyo. Kuandika kwenyewe ni rasimu mbili tatu.

Mkasi: inakatika vibaya. Ukikata kutoka chini umeondoa mwisho, na simulizi isiyo na mwisho inamwacha msomaji anageuza ukurasa kutafuta iliyobaki. Inabidi ukate kutoka ndani, tukio zima litoke, na aya za kuunganisha ziandikwe upya. Mwambie mhariri mapema kabisa.

Msomaji: akiingia anakaa, hakuna umbo lingine linalomkalisha hivi. Anatorokea aya ya tatu au ya nne, pale anapoanza kujiuliza "sawa, lakini hii inahusu nini?" Ndo maana stori nyingi za majarida zina ile aya moja ya kueleza, baada ya tukio la kwanza, inayosema wazi kwanini unasomeshwa haya: mtu huyu anastaafu, na pamoja naye inaondoka kumbukumbu ya miaka 31 ambayo haiko kwenye mfumo wowote. Gazeti la Marekani la The Wall Street Journal lilijulikana sana kwa mtindo huu kwenye ukurasa wake wa kwanza, linaanza na mtu mmoja halafu aya chache baadaye linapanua mpaka jambo zima. Aya hiyo usiicheleweshe. Wapo wanaoificha mpaka ukurasa wa pili wakidhani wanajenga hamu, msomaji wa kijarida hana uvumilivu huo, hasa akiwa kwenye simu.

Hatari: kubwa. Simulizi inakutamanisha kujaza mapengo, ulisahau kuuliza alivaa nini ukaweka shati la bluu, hukumbuki alisemaje ukatunga nukuu "inayofanana". Hiyo ni kutunga, na siku mhusika anasoma mbele ya wenzake akasema "mimi sikusema hivi" jarida zima linapoteza heshima. Kitu kingine ni kuingia kichwani mwa mtu, "aliwaza moyoni mwake", uliyajuaje? Aliyekwambia ni yeye? Kama ndio andika, kama sio futa.

Afu kuna swali la mhusika asiyetaka kuongea. Simulizi inawezekana bila yeye, mwandishi Gay Talese aliandika stori ya mwimbaji Frank Sinatra kwenye jarida la Esquire mwaka 1966 bila Sinatra kukubali kuhojiwa, akawafuata watu waliomzunguka na kutazama kwa mbali. Inawezekana, ila yule alikuwa na wiki na bajeti ya kukaa akimwangalia mtu. Wewe una mpaka Jumatano.

Inamfaa nani: mwandishi aliyekuwepo au anayeweza kurudi, jarida la miezi mitatu au la mwaka, stori moja kubwa ya toleo. Haimfai mtu anayeandika kutoka kwenye barua pepe alizotumiwa na watu, hata awe na kalamu tamu.

Mahojiano ya swali na jibu

Watu wanalidharau umbo hili, wanaliona la wavivu, unarekodi, unaandika, unabandika. Yakiwa mabaya kweli yako hivyo. Yakiwa mazuri ni kitu kingine kabisa:

"Kwanini hukuliacha daftari baada ya kompyuta kuja?
Kompyuta inajua misumari imetoka kilo ngapi. Haijui nani alichukua kilo mbili akarudisha nusu bila kuulizwa."

Hilo jibu ukiliweka kwenye piramidi linapoa, ukiliweka kwenye simulizi inabidi ulitengenezee mazingira. Hapa linasimama peke yake.

Malighafi: inadai kitu kimoja tu, mtu anayejua kuongea. Sio lazima awe msomi wala mcheshi, awe na majibu yenye vitu ndani. Ukirudia rekodi ukakuta majibu ni "ndiyo", "kwa kweli ni changamoto", "namshukuru Mungu", acha, hata maswali yako yawe mazuri kiasi gani. Na maswali nayo yana mchango, "unajisikiaje kustaafu?" inazaa jibu ambalo kila mtu analijua tayari, wakati "siku gani uligoma kutoa kitu stoo?" inazaa stori.

Muda: inadanganya. Kuandika ni kidogo lakini kunakili rekodi kwa mkono ni kazi, saa moja ya mazungumzo inaweza kukula masaa manne hivi kama sauti sio safi na wewe sio mzoefu. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia, ila zinakosea majina, zinakosea namba, na watu wawili wakiongea kwa pamoja zinachanganyikiwa, kwa hiyo kusikiliza upya huepuki. Baada ya hapo unakata, na unakata sana, kwenye nusu saa ya maongezi kinachofaa kuchapwa ni maswali saba au nane.

Mkasi: rahisi karibu kama piramidi. Unatoa swali na jibu lake, shimo halionekani, mradi jibu la mbele halisemi "kama nilivyosema".

Msomaji: anaruka. Ni umbo linalomruhusu aingie popote, anaangalia maswali kwa macho anachagua, kwa hiyo maswali yako yanafanya kazi ya vichwa vidogo na yanatakiwa yawe mafupi. Swali la mistari minne ambalo mwandishi anaonyesha alivyosoma ndo linalomfukuza. Anatoroka pia pale swali la kwanza linapouliza "tuambie kwa kifupi wewe ni nani", hayo yaweke kwenye utangulizi wa mistari mitatu minne juu, mahojiano yaanze na kitu.

Hatari: iko kwenye kusafisha. Mtu anaongea na "aaa" na "yaani" na sentensi zisizoisha, ukiziacha zote unamfanya aonekane hajui kuongea, ukizisafisha mno wote wanaongea kama taarifa ya ofisi. Kuondoa vigugumizi ni sawa. Kuunganisha majibu mawili ya jambo moja ni sawa kama maana imebaki, na ni vizuri kuandika juu kwamba mahojiano yamefupishwa. Kulihamisha jibu likae chini ya swali jingine sio sawa hata kidogo. Na je, umwonyeshe mhusika kabla ya kuchapa? Magazeti mengi ya habari yanakataa. The Paris Review, jarida la fasihi lililoanza mahojiano yake na waandishi mwaka 1953, limekuwa likiwapa wahojiwa nafasi ya kupitia na kurekebisha majibu yao, na limejenga jina kwa hayo hayo mahojiano. Kijarida cha taasisi kinakaa karibu zaidi na huyu wa pili, hufichui uovu wa mtu, unamtambulisha. Mimi ningemwonyesha, ila ningemwambia mapema kwamba anarekebisha ukweli na maana, hatusuki upya kila sentensi mpaka inakuwa hotuba.

Inamfaa nani: mwandishi anayejua kusikiliza kuliko kupamba, kijarida cha kila mwezi chenye kona ya kudumu, na mada za kitaalamu ambapo mwenye utaalamu anaeleza vizuri kuliko wewe utakavyomweleza.

Nafsi ya kwanza, ya mhusika mwenyewe

Unakaa naye, unarekodi, halafu maswali yako yote yanatoka na majibu yanashonwa kuwa masimulizi ya mtu mmoja anayeongea. Juu au chini unaweka mstari mmoja, "kama alivyosimulia kwa" fulani.

"Siku ya kwanza nilikabidhiwa funguo tatu na hakuna aliyeniambia ipi ni ya mlango gani. Nilizijaribu zote. Nadhani hapo ndo nilipoanza kuandika kila kitu."

Malighafi: sauti na maisha, vyote viwili. Mzungumzaji mzuri asiye na stori anafaa kwenye mahojiano, mwenye stori asiye na sauti mpeleke kwenye simulizi ukamsimulie wewe. Hapa lazima awe anakumbuka mambo kwa mpangilio au angalau uweze kuyapanga bila kubadilisha kilichotokea.

Muda: kunakili kama mahojiano, kisha kushona, kisha kumsomea. Hiyo ya mwisho haina mjadala, manake jina lake ndo liko juu ya kila "mimi".

Mkasi: wastani. Aya inaweza kutoka lakini pumzi ya msemaji inakatika, unasikia kabisa hapa kuna kitu kimeondolewa.

Msomaji: anashikwa haraka, "mimi" inaingia moja kwa moja kama mtu amekaa mbele yako. Anachoka kama hakuna anayempinga wala kumuuliza, maneno 500 mpaka 800 yanatosha, zaidi ya hapo inakuwa mtu anajisifu.

Hatari: sauti kuhama bila wewe kujua. Mtunza stoo wa miaka 31 hasemi "safari yangu ya kitaaluma imekuwa yenye mafunzo", hayo ni maneno yako wewe umemvisha. Ukipata shaka rudi kwenye rekodi uone kama neno hilo limo. Nyingine ni kwamba madai yake yanachapwa bila upande wa pili, akisema "bosi wa zamani alikuwa anatuonea" hiyo imeshaingia kwenye jarida lenu kama kauli, na umbo lenyewe halina mahali pa kumpa huyo bosi nafasi ya kujibu. Kukiwa na ugomvi ndani ya stori, tumia umbo jingine.

Inamfaa nani: mashirika yanayotaka walengwa wao wasikike wenyewe, majarida ya wanachama na ya wahitimu wa zamani, kona za "nilivyofanikiwa" na "nilivyopona". Haifai pale mhusika anategemea msaada wa hilo shirika na anajua, atasema unachotaka kusikia. Hapo nenda taratibu, na mpe haki ya kukataa hata baada ya kurekodi.

Sasa wewe uko hali gani?

Dedilaini ni kesho na ulichonacho ni barua na simu moja: piramidi, usijitese. Weka kitu kimoja kidogo ulichokiona (daftari jeusi) kwenye aya ya tatu, itachangamka vya kutosha.

Una wiki mbili, unaweza kwenda kukaa stoo asubuhi nzima, na mhariri amekuahidi kurasa mbili: simulizi. Lakini fanya kile kipimo cha matukio matatu kabla hujaahidi urefu.

Rekodi ni tamu, umecheka mwenyewe ukiisikiliza, ila hakuna kilichotokea, ni mtu tu anaongea vizuri: mahojiano. Kama anasimulia maisha yake kwa mfululizo na maswali yako hayakuwa na kazi kubwa, yatoe, iwe nafsi ya kwanza.

Mhusika ni bosi au mtu mwenye mamlaka: ningekwepa nafsi ya kwanza, inageuka tangazo haraka mno. Mahojiano yanakupa nafasi ya kuuliza kitu kimoja kigumu, na msomaji anaona kwamba kimeulizwa.

Mhusika ana aibu, anajibu neno moja moja, lakini kazi yake inaonekana kwa macho: simulizi fupi, maneno 300 au 400, tukio moja, basi. Mwangalie akifanya kazi badala ya kumbana na maswali.

Stori ina pande mbili zinazovutana: piramidi au simulizi, ambapo wewe ndo unashika usukani na unaweza kumpa kila mtu nafasi.

Kijarida ni cha barua pepe na wasomaji wako wanafungua kwenye simu: urefu ndo unaamua kabla ya umbo. Piramidi iingie nzima kwenye barua. Simulizi na mahojiano weka mwanzo wake, aya mbili au swali moja zuri, kisha linki ya kuendelea. Ukikata simulizi kwa ajili ya linki kata pale ambapo swali bado liko wazi, baada ya daftari kufunguliwa na kabla hatujaambiwa kwanini.

Na kama umegawanyika kabisa kati ya mawili, vyombo vingi vinafanya hivi na haina ubaya wowote: stori kuu iwe simulizi au nafsi ya kwanza, halafu pembeni kisanduku kidogo cha piramidi chenye tarehe, saa, ukumbi na jina la anayechukua nafasi. Anayetaka kujua Ijumaa saa ngapi anapata pale pale, na stori yenyewe inapumzika kubeba ratiba. Kisanduku kiandike kwanza, kabla ya stori, ujue ni mambo gani ambayo hutakiwi kuyarudia ndani.